Somoe, Usiupake Ukuta Huu

Kaka yangu Hamisi, uliyeachiwa ukoo huu na mama yetu, shikamoo. Baba Somoe, mwenye ua huu tuliokusanyika, naomba idhini yako ya kusema. Wazee wetu mliotoka Mnyambe tangu asubuhi na kuvumilia matope ya njiani, shikamooni. Mawifi na mashemeji, majirani wa pande zote, poleni kwa kusubiri. Nawe Mama Beatus, mtani wangu wa Kimakua, nimeagiza uwekewe kiti cha mbele ili nikuone unapoanza kucheka. Vijana mliosimama nyuma, nawatambua mmoja mmoja.

Karatasi hizi nilizoshika ni barua ya Somoe. Nimemwandikia aende nayo, aisome tena akiwa peke yake katika chumba alichopangiwa Masasi. Hata hivyo nimeona niisome kwanza mbele yenu, kwa sababu lililomo mmelisikia nyote tangu Alhamisi, kila mmoja kwa namna alivyosimuliwa, na kwa sababu mwisho wake upo uamuzi ambao hauwezi kutimia bila mikono yenu. Sasa mniwie radhi, nawapa kisogo kidogo, nizungumze na mwanangu.

Somoe,

Habari za chandarua, za kufunga mlango na za kutokula kwa watu usiowajua, bibi zako wamekwisha kukujaza nazo masikio, sitaongeza. Kesho unashuka Masasi kuanza kazi ya rangi kwenye mabweni mapya ya shule, wewe na kikosi cha wanaume ambao wengi wao hawajawahi kufanya kazi na fundi wa kike. Hilo halinitii hofu. Nimeiona mikono yako, na nimeona unavyoutazama ukuta kabla ya kuugusa. Kilichonifanya nikae chini niandike ni sentensi moja uliyoniambia jana jikoni, ukiwa umeinamia sufuria ili nisikuone uso. Ulisema, "Mama, labda nipake tu, niondoke kwa amani."

Nataka watu hawa wajue ulikuwa unasema ukuta gani na amani gani, kwa hiyo nitaieleza Alhamisi kama ilivyokuwa, si kama ilivyotembea mtaani.

Mjomba wako Hamisi alifika na bodaboda, makopo ya rangi yamefungwa nyuma kwa mpira. Ulimpokea vizuri.

"Njomba, shikamoo."

"Marahaba, fundi wangu. Vaa nguo za kazi. Rangi hii hapa, ya maziwa. Ukuta wa mbele na sebule, basi. Jumamosi ya wiki ijayo tunamtoa mwali."

"Njomba, lipu haijakauka. Haijamaliza mwezi, na mvua zimeanza. Nikiipaka sasa itavimba."

"Mbona nimeigusa, kavu?"

"Kavu juu, Njomba."

"Na huko ndani uliingia lini ukaona?"

Watu walicheka, na ninyi mliocheka mpo hapa. Ukarudia kwamba haiwezekani. Ndipo Mjomba wako aliposema lile neno lililokuchoma: "Binti, ulisomea kupaka au ulisomea kukataa?" Wewe ukarudisha brashi kwenye begi, ukafunga zipu, ukaingia ndani. Tangu hapo hamjasemeshana. Na sote tunajua kwamba katika ukoo wetu mtoto haondoki nyumbani bila mjomba kumshika mkono na kumwombea. Baba yako anaweza kukuombea, nami naweza, na Mungu atatusikia. Lakini utapanda gari kesho ukijua kuna kiti kimoja kilichokaa kimya. Hiyo ndiyo amani uliyotaka kuinunua kwa ukuta mbovu.

Naandika kukuambia usiinunue. Na nisingekuambia hivyo kwa uhakika nilio nao kama mimi mwenyewe nisingewahi kuinunua.

Mama Beatus, anza sasa kucheka, tumefika Chiungutwa.

Nilipopelekwa Chiungutwa kuwa mwalimu mkuu nilikuwa bado kijana, na nilikwenda huko na akili ya mtu aliyelelewa Mnyambe. Wewe, Somoe, umekuta matangi ya mvua na mabomba ambayo angalau siku nyingine hutoa maji. Sisi tuliteremka bondeni na ndoo alfajiri, tukapanda nayo kichwani. Mtoto aliyemwaga maji hakuulizwa kama ameumia, aliulizwa kama kuna yaliyobaki. Maji ya kuogea yalioshea vyombo, ya vyombo yakanywesha mbuzi. Mtu aliyekuzwa hivyo hubadilika mambo mengi maishani, lakini mkono wake hauzoei kuyamwaga maji chini makusudi.

Wazazi wa Chiungutwa walijenga madarasa mawili mapya. Mafundi walipomaliza kupiga lipu wakaniomba maji: ukuta umwagiwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima, ili saruji ikamate polepole. Nikawatazama kama watu wasio na haya. Nikawaambia, kwa Kiswahili safi cha mwalimu, kwamba katika shule yangu hakuna tone la maji litakalomwagwa ukutani wakati kuna watoto wa kunywa. Kisima kilikuwa jirani, Somoe, hatua chache tu, na hakikuwahi kukauka. Lakini mimi sikuwa nakiona kisima kile. Nilikuwa nauona mlima wa kwetu na ndoo kichwani mwa mama yangu. Kosa hilo asingelifanya mtu wa bondeni. Lilihitaji mtu wa kwetu kabisa.

Lipu ile ilikauka kwa jua la siku mbili. Ikapasuka nyufa nyembamba, zikajichora kama mistari ya kiganja. Ukipitisha mkono, mchanga ulikufuata. Watoto walioegemea ukuta walirudi nyumbani na migongo ya kijivu, na siku moja mzazi mmoja, ambaye leo amekaa kiti cha mbele, alinisimamisha njiani mbele ya watu. "Mwalimu," akasema, "nilimleta Beatus asome shule. Mbona kila siku ananirudia na shule mgongoni?"

Ningeweza kuishia hapo. Zilikuwa kuta dhaifu, lakini zilikuwa bado zinasema ukweli. Nilichofanya ni kuzifunika. Wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kuyafungua madarasa, na kamati ikanijia na rangi. Nilijua hazifai kupakwa. Hata kwa macho yangu yasiyo na ufundi nilijua. Mmoja wao akaniambia kwamba mgeni hatazami ndani ya ukuta. Sikutaka kumuudhi mtu. Nikasema pakeni. Wakapaka juu ya vumbi, bila kusugua, bila kufunga ukuta kwa chochote, na siku ya wageni madarasa yaling'aa, nikapigiwa makofi, nikainama kushukuru.

Mvua ya kwanza haikuwa imekwisha rangi ilipoanza kujaa malengelenge. Watoto waliyabonyeza kwa vidole. Halafu ikawa inabanduka vipande vizima, ukikichukua kipande unakuta nyuma yake kumeganda mchanga wa lipu, maana rangi haikuwahi kuushika ukuta, ilishika vumbi tu. Likizo iliyofuata nilikwangua kuta zile mwenyewe pamoja na wazazi waliojitolea, wewe ukiwa mgongoni mwangu, nimekufunika pua kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi. Hapo ndipo niliposoma somo ambalo chuo cha ualimu hakikunipa: kupaka ukuta ambao hauko tayari ni kazi ya siku moja, na kuuvua rangi hiyo ni kazi ya likizo nzima. Nilirudia lipu, nikaimwagia maji kwa mkono wangu mwenyewe mpaka wenyeji wakasema mwalimu amechanganyikiwa, nikaisubiri, nikaipaka inavyopaswa. Kuta zile zimesimama hadi leo. Ukipita Chiungutwa, shuka uzitazame. Najivunia kuta zile kuliko vyeti vyangu vyote.

Kwa hiyo nyumba hii ilipopigwa lipu, na wewe ukasema imwagiwe maji, hukunisikia nikibisha. Na mnajua, jamaa zangu, nani alileta maji hayo. Aliyaleta Kaka Hamisi. Kila asubuhi madumu yalifika kwa baiskeli kutoka kwake, yeye aliyebebeshwa ndoo kama mimi, na hakuuliza ni ya nini. Somoe, ulipomwambia Alhamisi kwamba haiwezekani, ulikuwa unamwambia mtu aliyeinyima nyumba yake maji ili kuta hizi zishibe. Lipu hii ni imara kwa sababu yake. Ulikumbuka kusema hivyo?

Hapa nakusahihisha, na nakusahihisha mbele za watu kwa kuwa mlikwaruzana mbele za watu. Kuhusu ukuta ulikuwa sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuhusu Mjomba wako ulikosea. Ulimwachia neno "haiwezekani" likiwa peke yake, bila kitu cha kulishikia, ukafunga zipu ukaenda zako. Masasi nako watakuja watu na makopo mkononi. Atakuja msimamizi ambaye naye amebanwa na mwingine juu yake. Hawatakuwa watu wabaya. Wengi watakuwa wameahidi jambo mahali fulani na wanaona aibu. Ukikataa, kaa hapo hapo ulipokatalia. Mwonyeshe mtu kile unachokiona wewe, kisha umpe kitu cha kufanya akisubiri.

Naye Kaka alikuwa ameahidi nini? Hukuuliza, kwa hiyo hukujua. Mimi nilimuuliza Ijumaa, tukiwa wawili. Alifuta jasho, akasema, "Nimewaambia watu wote, kuanzia Nanganga mpaka Mtwara. Nimewaambia waje waone nyumba iliyopakwa na mtoto wetu wenyewe." Fundi wa rangi yupo sokoni, Somoe, wapo hata watatu. Angeweza kumwita yeyote siku ile ile. Hakumwita. Makopo yale aliyaleta kwako kwa sababu alitaka mkono wako uonekane na wageni kabla haujachukuliwa na watu wa Masasi. Alichokifanya ni kujivuna, kujivuna kwa ajili yako, na hakuwa na namna nyingine ya kukuambia.

Basi jana alasiri nilifanya kile ambacho ungekifanya wewe kama hasira isingekuwahi. Nilichukua kipande cha nailoni nyeupe inayoonyesha, upana wa sinia, na utepe wa karatasi wenye gundi, nikamwomba Kaka atuchagulie mahali. Akazunguka nyumba nzima kama mtu anayenunua shamba. Akachagua upande unaopigwa na jua mchana kutwa, juu, mbali na ardhi, mahali pakavu kuliko pote. Tukaibandika, tukaziba kingo zote nne. "Kukicha pakiwa pakavu, anapaka," akasema. Nikamwambia sawa, pakiwa pakavu nitapaka hata mimi.

Leo asubuhi alifika kabla sijawasha jiko. Tulikwenda pamoja. Ile nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani, yanateleza kama kwenye kifuniko cha chungu cha wali. Kaka akaibandua pembe moja, akapitisha kidole, akakitazama kidole.

"Kumbe ukuta bado unatoa jasho," akasema.

"Unatoa."

"Na hapa ndipo pakavu."

"Ulipachagua wewe."

Akacheka, cheko lake lile la puani. Nikamwomba ruhusa ya kulisema hili mbele yenu. Amenipa kwa sharti moja, kwamba nieleze wazi kuwa majaribio aliyaendesha yeye. Nimekwisha kueleza.

Somoe, mengine unayajua kunizidi, na siandiki ili nikufundishe kazi yako. Naandika ili usikie kwamba mama yako anaijua njia utakayoipita na anaiheshimu. Nailoni ikilala usiku ikaamka kavu, ndipo kazi yako inaanza. Utausugua ukuta kwa kipande cha mbao kwanza, kisha msasa, mchanga uliolegea uanguke wote. Penye chumvi nyeupe utaikwangua kwa brashi kavu, bila maji, maana maji huirudisha ndani ikasubiri kutoka tena. Nyufa utaziba, utaziacha zikauke, utasugua tena, utafuta vumbi mpaka kitambaa kirudi safi. Halafu utaufunga ukuta kwa praima inayostahimili ukali wa saruji, ile ambayo Kaka hakuinunua kwa sababu muuza duka hakumwambia ipo. Ukuta mpya usiofungwa hunywa rangi kama mtu aliyetoka safari, hapa nyingi, pale kidogo, na mwishowe unapata madoa ya mawingu ambayo mikono mitatu ya rangi haiyafuti. Ukiufunga, kiu yake inakwisha, na rangi inabaki juu inapoonekana.

Hatua hizo zote hazionekani na mgeni. Hakuna atakayeingia bwenini Masasi akasema, tazameni jinsi vumbi lilivyofutwa. Watasifu rangi. Utazoea. Mimi nimefundisha watoto kusoma kwa miaka mingi, na wakishaanza kusoma hakuna anayekumbuka ni nani aliyewashikisha herufi ya kwanza. Nilidhani ingeniuma, haikuniuma. Kazi ya chini ina utulivu wake. Ila itakutaka jambo moja gumu, nalo ni kuvumilia siku ambazo mwenye nyumba anakuona umekaa hufanyi kitu, naye hajui kwamba kusubiri nako ni sehemu ya kazi uliyoajiriwa kuifanya. Siku hizo ndizo nilizoshindwa mimi Chiungutwa. Nakuamini wewe utaziweza, kwa sababu Alhamisi uliiweza ya kwanza, ijapokuwa kwa kiburi kidogo. Kiburi hicho kipunguze. Msimamo usiuguse.

Nimemaliza na mwanangu. Nawarudia ninyi, Kaka, Baba Somoe, wazee na jamaa zangu wote.

Najua kinachowasumbua. Jumamosi mwali wetu Zainabu, binti wa marehemu mdogo wetu, anatoka ndani mbele ya wageni, na hamtaki atokee kwenye nyumba ya kijivu, watu wakasema mtoto asiye na mama ametolewa kwenye ghala. Nami sitaki. Nimezungumza na Baba Somoe mchana huu, naye ameridhia ninayoyasema.

Uamuzi ni huu. Ukuta wa nyumba hii hautapakwa rangi na mtu yeyote, awe Somoe au fundi wa sokoni, mpaka nailoni ikeshe usiku mzima na kuamka kavu. Siku hiyo Somoe ataitwa kutoka Masasi, na atakuja. Makopo yatalala kwa Kaka, pamoja na praima ambayo Baba Somoe ataitafuta wiki hii. Sherehe itafanyika Jumamosi ile ile, haisogei hata kwa saa moja.

Nanyi akina mama, kila nyumba italeta doti moja ya kanga, zile mnazoziweka kwa siku kubwa. Vijana watafunga kamba kuanzia kenchi moja ya paa hadi nyingine, sebuleni na barazani, umbali wa kiganja kutoka ukutani, ili hewa ipite nyuma. Hakuna msumari utakaogongwa kwenye lipu, hakuna kanga itakayoigusa. Mwali atatokea katikati ya rangi za nyumba zenu zote, na ukuta utaendelea kupumua nyuma yake. Magunia ya korosho yaliyoegemezwa sebuleni tangu juzi yatatoka leo hii, kwa sababu pale yalipo ukuta haupati hewa, na mafuta ya korosho yakiingia kwenye lipu hutokeza juu ya kila rangi. Madirisha yatafunguliwa kila asubuhi isiyo na mvua. Kazi hiyo nampa Mama Beatus, aliye jirani yetu siku hizi, na aliyekwisha kuthibitisha kwamba akiona kasoro ya ukuta hanyamazi.

Wageni watauliza nyumba imekuwaje haikupakwa. Watakayemuuliza ni Kaka, mlangoni, kwa kuwa ndiye mwenyeji wao. Nimemuuliza atawajibu nini, na jibu lake nalisoma kama alivyolitamka: "Nitawaambia tuna fundi wetu wenyewe, na fundi wetu amesema bado."

Somoe, simama uende ulipokaa Mjomba wako, anakusubiri. Wengine wote tuinuke, tuanze na magunia.

Mimi mama yako.